Mkwe wa Kiti cha Kulia

Emmaculate Nakhumicha alizaliwa Makongeni, Thika, na mpaka leo ukimsikia akiongea na simu utajua hivyo. Baba yake, mzee Wamalwa, alitoka Kimilili akiwa kijana, akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo, akasimama kando ya mashine za kufuma mpaka masikio yakapunguza kazi. Kwa hiyo nyumbani kwao kila kitu kilisemwa kwa nguvu, hata sala ya chakula. Majirani wapya walidhani familia ile inagombana kutwa kucha. Wapi, walikuwa wanaombana chumvi tu.

Kutoka nyumba hiyo ya makelele akatoka rubani. Ilikuwaje? Kulikuwa na mwalimu wa fizikia aliyemwamini, kulikuwa na harambee ya kanisa iliyorudiwa mara mbili, na kulikuwa na ukaidi wake mwenyewe, ambao ulitosha kurusha ndege bila mafuta. Siku alipovaa shati jeupe lenye mistari mabegani kwa mara ya kwanza, mzee Wamalwa alimtembeza Makongeni nzima kwa miguu. Akamsimamisha kwa kila kinyozi, na kila kinyozi alilazimika kuacha kichwa cha mtu nusu ili atoke nje amsalimie.

Alipopata kazi kwenye kampuni ndogo ya ndege za abiria alihamia Gatongora, huko Ruiru, nyumba ya juu yenye balkoni ya kuanikia sare. Watu wa Gatongora walimpenda, ila walimsumbua. Mama mboga alimuuliza kila asubuhi kama mvua itanyesha, na isiponyesha alimlaumu yeye. Nakhumicha alikubali lawama, akachukua sukuma yake, akaenda zake kazini. Alikuwa rubani msaidizi, yule anayeketi kiti cha kulia, na hakuona kazi nyingine duniani iliyoizidi kwa raha.

Yeye na Karanja, mchumba wake, walikutana kwenye maegesho ya magari pale uwanja wa ndege. Alikuwa amekuja kumchukua baba yake, gari likamgomea, naye akabaki ameinamia injini kama mtu anayesali. Nakhumicha, aliyekuwa anatoka kazini na sare yake iliyopigwa pasi, aliweka begi chini akaanza kusukuma.

"Asante sana, madam," Karanja akasema.

"Mimi si madam. Ingia, washa gari."

Gari likawaka. Kijana alifundisha mambo ya udongo katika chuo kikuu cha Juja, alikuwa mpole, alicheka kwa urahisi, na mutura, zile soseji za utumbo, walizokula pamoja Juja miezi ile zingetosha kufungua bucha. Ilipita muda kabla ya Nakhumicha kuuliza yule baba aliyekuwa akichukuliwa siku ile ni nani. Alipoambiwa, mutura ilimkwama kooni.

Alikuwa Kapteni Gichuru. Mzee wa kanisa huko Membley, mrefu, shati lisilo na kunyanzi, rubani ambaye vijana wa kampuni walinyoosha migongo wakisikia viatu vyake kwenye korido. Hakuwa mkali wa kupiga kelele. Ukali wake ulikuwa wa kukutazama tu, akangoja ujisahihishe mwenyewe. Alikaribia kustaafu, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusikia ndege yake imekosea njia wala urefu.

Na urefu ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo niueleze mapema. Ndege zinapokaribia Nairobi zinatoka kila upande, zinapishana juu na chini, na kati ya iliyo juu na iliyo chini lazima pabaki futi elfu moja. Mwongoza ndege aliye chini kwenye rada humwambia rubani ashuke mpaka wapi, asimame. Rubani huandika namba hiyo kwenye kidirisha kilicho katikati, mbele ya marubani wote wawili, kwa kuzungusha kitufe. Mtambo unaojiendesha hautii kitu kingine ila namba ile. Ndiyo maana kuna sheria ndogo ambayo Kapteni Gichuru aliishika kama amri ya Mungu: aliyeweka namba aiache na kidole juu yake, mwenzake naye anyooshe kidole hapo hapo, na wote wawili waitaje kwa sauti. Vidole viwili, sauti mbili, na namba moja.

Basi posa ikaiva. Siku ikapangwa, Jumamosi, watu wa Membley waje Makongeni kuomba mke. Na Jumapili kabla ya hiyo Jumamosi akashuka kutoka Kimilili senge Idah, dada yake mzee Wamalwa, kuja kumfunda bibi harusi. Kwa Wabukusu senge ni mtu mzito. Baba anaweza kukubali na mama akakubali, lakini senge akinuna, sufuria zote zinapoa.

"Nasikia wewe na huyo baba mkwe wako mnafanya kazi pamoja," senge alianza, kabla hata chai haijamiminwa.

"Ndiyo, senge. Wakati mwingine tunapangiwa ndege moja."

"Yeye anakaa wapi na wewe unakaa wapi?"

"Yeye kushoto, mimi kulia."

"Kuna ukuta hapo katikati?"

"Hakuna ukuta, senge. Kuna vifaa."

"Vifaa!" Senge aliigeukia sebule nzima, kama kwamba vifaa ndivyo vilivyomharibu mtoto. "Nakhumicha, kwetu mke wa mtoto hampi baba mkwe mkono. Hamgusi. Hawakai kiti kimoja. Akija njiani, wewe unapisha."

"Senge, huko juu hakuna pa kupisha."

"Basi mikono yako iweke kwako. Usije ukaniaibisha mbele ya hao Wakikuyu wa mbuzi."

Wote walicheka, na Nakhumicha alicheka kuwazidi. Lakini neno lilimwingia. Alimpenda Karanja, alitaka ndoa hii iende sawa kwa pande zote mbili, na alijua watu wa kwao Kimilili tayari walikuwa wananong'ona kwamba mtoto aliyezaliwa Thika hajui mila. Kwa hiyo wiki ile, alipopangiwa safari na kapteni, alianza kimchezo kidogo ambacho hakumwambia mtu. Kapteni akiweka namba na kidole chake kikiwa pale, yeye alingoja. Kapteni akiondoa mkono, ndipo yeye anyooshe wake. Vidole havikukutana, namba ilitajwa, na senge aliridhika bila kujua. Kapteni ama hakugundua, ama aligundua akanyamaza.

Siku yenyewe walikuwa wanatoka Mombasa, alasiri safi, Kilimanjaro imetulia upande wa kapteni na abiria wamejaa. Kapteni Gichuru ndiye aliyekuwa akirusha, Nakhumicha akishika redio. Wakaagizwa washuke mpaka futi elfu tisa. Namba ikawekwa, ikatajwa, ndege ikaanza kuteremka. Ni wakati ambao marubani hawaruhusiwi kuongea kitu kisichohusu ndege, na aliyewafundisha vijana wengi sheria hiyo alikuwa Kapteni Gichuru huyo huyo.

"Emma," kapteni akasema. "Kabla nisahau. Hii mambo ya Jumamosi."

Kwa muda wote ule kapteni hakuwahi kuitaja Jumamosi hata mara moja.

"Sisi tunahesabu mbuzi," kapteni akaendelea, macho mbele, na ukweli ni kwamba alikuwa ana aibu kidogo. "Nyinyi nasikia ni ng'ombe. Nimeuliza wazee wangu, hakuna anayejua. Sasa kwenu, ng'ombe mmoja ni mbuzi wangapi?"

Kila rubani kijana anajua jibu la hapo. Jibu ni: Kapteni, tutaongea tukitua. Lakini wewe niambie, ni msichana gani wa Kenya hii anayeweza kumnyamazisha baba mkwe anayeulizia mahari yake mwenyewe, tena kwa heshima, tena siku chache kabla ya posa? Isitoshe lilikuwa swali zuri. Nyumba mbili zilikuwa zimekaa na swali hilo zikiogopa kuulizana.

"Inategemea kama ng'ombe ana mimba, baba," akajibu.

"Atiriri! Hata mimba inahesabiwa?"

Hapo redio ikaita. Sauti ya mwongoza ndege, mwanamke mtulivu, iliwaambia wasiende mpaka elfu tisa tena. Wasimame futi elfu kumi na moja, maana kuna ndege nyingine inawakatia njia chini yao kwenye elfu kumi. Nakhumicha alirudisha maagizo vizuri, neno kwa neno. Kapteni naye akasema, "Elfu kumi na moja," akapeleka mkono kwenye kitufe, kidole kikagusa.

"Na mwenye mimba ni mbuzi wangapi?" akauliza.

Nakhumicha aliuona mkono wa baba mkwe umekaa pale pale kwenye kitufe. Akauacha wake mapajani, akingoja ule wa mwenzake uondoke, kama alivyozoea wiki nzima. Akawa anahesabu mbuzi. Mjomba wake aliwahi kupokea kumi na wawili, lakini wale walikuwa wadogo. Mkono wa kapteni ukaondoka. Kitufe kilikuwa hakijazungushwa. Kidirisha bado kilisema elfu tisa, na kile kidole cha pili, ambacho kazi yake ilikuwa kugundua jambo hilo hilo, kilikuwa kimelala kwenye sketi ya sare kwa ajili ya adabu.

Ndege haikuwa na habari ya adabu. Iliteremka ilivyoagizwa.

Alipoinua macho, kipimo kilikuwa kimeshaipita elfu kumi na moja. Elfu kumi na mia nane. Mia saba. Ulimi wake, na hili atalikumbuka mpaka azeeke, ulianza kwanza kutafuta jina. Kapteni? Lakini sasa hivi alikuwa akimwita baba. Baba? Lakini baba hapigiwi kelele. Mzee? Mia sita. Ndipo Makongeni ikaamka yote kwa pamoja.

"Altitude! Captain, altitude! Elfu kumi na moja! Panda!"

Na hakuishia kwa mdomo. Aliudaka mkono wa baba mkwe wake, akaukamata kwa nguvu, akaupeleka kwenye usukani.

Mikono ya Kapteni Gichuru ilijua kazi hata kabla yeye mwenyewe hajajua. Ilizima mtambo unaojiendesha, ikaongeza nguvu za injini, ikainua pua ya ndege. Kile kifaa kinachoonya kuhusu ndege zilizo karibu kikapaza sauti yake ya chuma. Mwongoza ndege akawauliza wathibitishe urefu wao. "Tumepitiliza, tunarudi elfu kumi na moja," Nakhumicha akajibu. Chini yao, mbali kidogo, mgongo mweupe wa ndege nyingine ulikatiza ukaenda zake. Huko nyuma abiria mmoja alilalamika kwamba soda yake imeyumba.

Mpaka wanatua hawakusema kitu kisichokuwa namba. Kila namba iliyowekwa, vidole viwili vilikuwa pale pale, vimegusana, na hakuna aliyekiondoa chake.

Ndege ilipoegeshwa na abiria kuteremka, kapteni alibaki ameketi. Shati lake lilikuwa na kunyanzi.

"Tutaenda kwa Ndunge," akasema. Ndunge alikuwa ofisa wa usalama wa kampuni, mwanamke wa Machakos ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza makosa ya marubani, si ili awafukuze bali ili wengine wasiyarudie. "Tutamwambia tulipitiliza. Hilo lazima. Lakini sababu... tunaweza kusema ni upepo. Kulikuwa na upepo kidogo."

"Hakukuwa na upepo, baba."

"Emma. Mimi nimebakisha muda mfupi sana. Unataka watu waseme Gichuru alikuwa anahesabu mbuzi?"

Nakhumicha alitazama mbele, pale ambapo hapakuwa na kitu ila mtu wa kusafisha vioo. Alikuwa na woga wa kweli sasa, kushinda ule wa angani. Huyu mtu mmoja alikuwa na Jumamosi yake yote mkononi. Akisema hatuji, Karanja hatakuja, maana Karanja hajawahi kumbishia baba yake maishani. Na alimtaka Karanja. Alimtaka vibaya.

"Tukisema upepo, watachunguza upepo," akasema mwishoni. "Na wiki ijayo kuna msichana mwingine atakaa hapa, na mzee mwingine, na watanyamaziana vilevile. Mimi naenda kusema vile ilikuwa. Hata kama Jumamosi hamtakuja."

Nakhumicha alichukua begi lake akashuka ngazi, na kila hatua aliona kama anamwacha Karanja kwenye ile ngazi.

Kwa Ndunge alieleza yote: swali, mimba, mbuzi kumi na wawili, na ule mkono uliolala mapajani.

"Ngoja," Ndunge akasema. "Kwa nini hukunyoosha kidole?"

"Ni baba mkwe wangu. Kwetu hatugusani na baba mkwe."

Ndunge alivua miwani. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akaacha kucheka ghafla. "Emma, nimesoma ripoti za marubani kutoka kila mahali, na hii sijawahi kuiona. Na mimi kwetu pia kuna watu siwezi kuwagusa." Mlango ukafunguliwa kabla hajaendelea. Kapteni Gichuru aliingia, akavuta kiti, akaketi bila kumtazama Nakhumicha, akasema sheria ya kutoongea aliivunja yeye, kitufe alikiacha yeye, na kama kuna jina la kuandikwa kwanza liwe lake. Kisha akainuka akaondoka.

Wote wawili walisimamishwa kuruka kwa muda, wakapangiwa kurudia mafunzo, na kampuni ikaamua kwamba watu wanaokaribia kuwa ukoo wasipangiwe ndege moja. Hayo yalikuwa ya haki, na Nakhumicha aliyakubali. Jambo ambalo halikumpa usingizi ni kwamba yule mzee alitoka bila kusema naye neno.

Karanja alipiga simu kutoka Juja.

"Mzee haongei, Emma. Nimemuuliza kama Saturday iko, amesema tutaona."

"Hiyo tutaona ni ndiyo ama ni hapana?"

"Ya mzee? Aki sijui."

"Na wewe? Akisema hapana?"

"Nitakuja peke yangu. Nitakuja na mbuzi mmoja kwa boda." Nakhumicha alicheka na machozi yakamtoka, kwa sababu alijua mtu huyu anaogopa baba yake kuliko anavyoogopa Mungu, na bado amelisema.

Jumamosi ilipofika, Makongeni ilikuwa imejipanga. Hema lilizuia njia ya gari la takataka, kuku walikuwa wameshaingia sufuriani, na senge Idah aliketi karibu na mlango akiwa na kitenge kipya na uso wa hakimu. Nakhumicha alikuwa amemweleza kila kitu, pamoja na ule mkono. Senge hakusema kitu zaidi ya "Mh," na Mh ya senge inaweza kumaanisha chochote.

Saa ya kufika ikapita. Chapati zikafunikwa, zikafunuliwa, zikafunikwa tena. Mzee Wamalwa, ambaye hakusikia vizuri, aliuliza kwa sauti iliyofika mtaa wa pili, "KWANI HAWAJI?" Nakhumicha, ndani chumbani na wasichana wenzake, alilisikia kama kila mtu.

Halafu nyimbo zikaanza. Zilitoka huko mwisho wa mtaa, wanawake wa Membley wakiimba Kikuyu kuomba wafunguliwe mlango, na papo hapo wanawake wa Kimilili wakaruka kutoka jikoni wakawajibu kwa Kibukusu kwamba mlango una kutu. Hakuna upande ulioelewa maneno ya mwenzake, na wote walicheza. Nakhumicha alichungulia pazia. Alimwona Karanja amebeba kreti ya soda. Mbele yake, kwa suti ya kijivu, alimwona Kapteni Gichuru. Aliachia pazia, akakaa kitandani.

Mazungumzo yalikwenda vizuri kwa muda, wasemaji wakitaniana, mbuzi wakigeuzwa ng'ombe na ng'ombe wakigeuzwa mbuzi kwa hesabu ambayo hakuna mwalimu angeikubali. Kisha senge Idah akasimama.

"Kabla hatujala," akasema, "kuna neno la mkono. Mtoto wetu alimshika baba mkwe. Kwetu hilo ni jambo. Nataka nimsikie mwenyewe aliyeshikwa."

Kapteni Gichuru alisimama polepole. Alieleza yote, na hakujipunguzia. Watu wa kwake wengine walikuwa hawajui. Mdogo wake alifunika uso aliposikia habari ya ng'ombe mwenye mimba. Alipofika kwenye ule ukelele wa Nakhumicha, wazee wa Kimilili walitazamana.

"Na wewe ulikasirika?" senge akauliza.

"Nilikasirika sana, mama," kapteni akasema. "Nilifika Membley nikakaa kwa gari, sikushuka. Nikasema huyu msichana amenishika mkono kama mtoto mdogo, amenipigia kelele, halafu ameenda kunisema. Nikakaa. Nikawafikiria wale watu niliokuwa nimewabeba. Halafu nikajiuliza, huku nyumbani nikikosea, nani ananiambia? Karanja ananiogopa. Mama yake alichoka kuniambia zamani. Hawa ndugu zangu wananiita kapteni hata kanisani. Hakuna mtu." Alitoa leso, akaikunja, akasahau kuitumia. "Sikuja kuchukulia kijana wangu bibi tu. Nimekuja kujiombea na mimi mtu wa kuniambia."

Mama Karanja alikuwa akilia waziwazi na hakujificha. Senge Idah alisafisha koo.

"Mila haiwezi kupanda ndege," akatangaza. "Huko juu, mshike. Mkishatua, kaa mbali naye. Na kwa ule mkono wa kwanza, maana swali la mbuzi lilikuwa lenu, Membley mtaleta kondoo."

Hema lililipuka kwa vigelegele. Kapteni alikubali kondoo bila kubishana, jambo ambalo wazee wake walimlaumu kwalo baadaye njiani kote.

Ndipo Nakhumicha akaitwa. Akatoka na gauni lake la kijani, akapita nyuma ya viti ili asimkaribie baba mkwe, akapiga magoti mbele ya senge. Karanja alikuwa akimtazama na kreti bado iko mkononi, hakuna aliyemwambia aiweke chini.

"Nakhumicha," senge akauliza, kama wasichana wote wa ukoo ule walivyoulizwa. "Hawa watu waliokuja, unawajua? Tule vyakula vyao ama tuwarudishie?"

Msichana anatakiwa ajibu kwa sauti ya chini, macho ardhini, ili wazee wamwombe arudie. Macho aliyaweka ardhini. Lakini baba yake alikuwa ameketi mwisho wa hema, ameinamisha sikio lile zuri, na kando yake Kapteni Gichuru alikuwa amesogea mbele kwenye kiti, leso mkononi, akingoja kama mtu asiyejua jibu.

"Nawajua!" Nakhumicha akasema, na kila mtu Makongeni akamsikia. "Kuleni!"